Kulwa na Doto wa Hospitali Mbili

"Wa karibu huanza, wa mbali humaliza." Bi Kalunde alipomwambia hivyo mjukuu wake mjamzito, wasichana waliokuwa wakibangua karanga naye walitaka kujua msemo huo umetoka wapi.

"Umezaliwa hapa hapa Igunila," akasema, "siku moja na watoto wa Nyamizi." Akaanza kuwasimulia.

Nyamizi alikuwa na mimba ya pacha. Mumewe, Lugendo, aliapa kuwa mkewe hatajifungulia hospitali yetu ndogo. Atakwenda mjini, kwenye hospitali kubwa wanakofundishwa madaktari. Hata mkunga wetu, Sista Mbuke, alishampa rufaa. Lakini uchungu haungoji miadi. Ulimshika Nyamizi shambani asubuhi, kabla ya wakati.

Lugendo akaleta mbio gari la kukodi na dereva wake. Walipofika usawa wa hospitali yetu, Nyamizi akamshika dereva bega. "Simama!"

"Vumilia mke wangu, tutafika mjini," Lugendo akasihi.

"Wewe utafika. Mtoto hafiki. Simama, nasema!"

Punde si punde kilio kikasikika hadi barabarani. Kulwa huyo, msichana! Sisi tuliokuwa nje tukapiga vigelegele. Mara Sista Mbuke akatoka, amekaza uso.

"Wa pili amekingama tumboni. Anahitaji upasuaji, na hapa hatuna. Moyo wake unadunda vizuri. Tukiondoka sasa tutawahi."

"Si umempokea wa kwanza?" Lugendo akauliza. "Mmalizie na huyu!"

"Wa kwanza alikuja mwenyewe. Huyu nikimvuta, nitampoteza yeye na mama yake. Panda gari!"

Gari la wagonjwa likatimua vumbi. Nyamizi alilala ubavu, dripu mkononi, kiganja cha mkunga tumboni. Mtoto akitulia, mama yake alimwita kwa hofu; akipiga teke, mama alicheka katikati ya uchungu. Mjini walishapigiwa simu: machela mlangoni, daktari amekwisha kunawa. Nyamizi akasikia ganzi ikimpanda miguuni, kisha sauti ya furaha: "Dume!" Doto akalia kwa hasira, kama aliyecheleweshwa safari.

Lugendo, aliyembeba Kulwa kifuani njia nzima, akawalaza pacha pamoja kando ya mama yao. Ndugu walipomuuliza ni hospitali gani iliyomwokolea mke, alishindwa kuchagua. "Wa karibu alianza," akasema, machozi yakimtiririka, "wa mbali akamaliza."

Bi Kalunde akamgeukia mjukuu wake. "Basi uchungu ukikushika, usiupite mlango ulio jirani. Na ukiambiwa usonge mbele, usigome. Wa karibu huanza, wa mbali humaliza."