Hodi ya Kambini

"Hodi hii tunampigia nani?"

Msichana mmoja skauti, mgeni wa kambi, aliuliza hivyo wakiwa wamejipanga nje ya lango. Kiongozi wa kikosi alimwambia anyooshe skafu yake na atazame mbele.

Nisikilizeni, ndugu zangu. Kulikuwa na kambi moja ya maskauti, juu mlimani, iliyofanyika kila likizo ya Agosti. Desturi yake ilikuwa hii: siku ya ufunguzi maskauti husimama nje na kupiga hodi mara tatu kwa sauti moja. Kamishna, ambaye yuko ndani, huitikia "Karibuni", ndipo lango hufunguliwa. Walifundishwa kwamba ni heshima. Heshima kwa nani? Hilo hawakufundishwa.

Mwaka ule kambi ilikuwa inaadhimisha kuzaliwa kwake. Wageni walialikwa, na kamishna aliandaa hotuba ya historia: jinsi waasisi walivyofika kwenye pori tupu, wakafyeka, wakagundua chemchemi.

Hodi ikapigwa, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla kamishna hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma ya maskauti.

"Karibuni, wanangu."

Kugeuka, ni bibi mmoja na ndoo yake. Vijana wakacheka. Mlinzi akamwambia, "Bibi, umeingilia zamu ya watu. Hapa anayeitikia ni kamishna."

"Mimi nimeitikia tangu babu zenu wakivaa hizo kaptula," akasema bibi. "Na huyo kamishna, yeye alipoingia alimpigia nani hodi?"

Bibi akawaeleza, bila hasira, kwamba mwaka wa kwanza mvua ilirarua mahema ya maskauti, wakaja mlangoni kwake wakitetemeka, wakapiga hodi mara tatu. Wakati ule alikuwa bibi harusi wa juzi tu. Akawapa shamba lililopumzishwa, kando ya chemchemi, wakae hadi likizo iishe. Mwaka uliofuata wakarudi, wakapiga hodi tena, akaitikia tena. Ikawa desturi. Kisha mtu akaleta nguzo na waya, eti watoto wasipotee. Hodi ikabaki. Mlango ukahamishwa.

Siku ile hakuja kudai shamba. Kiangazi kilikuwa kikali, mkaza mwanawe alikuwa amejifungua alfajiri, na nyumbani hapakuwa na maji ya kumwogeshea mtoto. Chemchemi iko ndani ya waya. Mlinzi alikuwa amekwisha kumrudisha asubuhi ile ile, kwa kukosa kibali.

Akaomba ndoo moja tu ya maji. Mnajua kamishna alimjibu nini? Alimjibu kwa adabu kabisa: "Bibi, subiri kidogo hapo nje. Tuna kipengele cha historia."

Maskauti wakaingia, lango likafungwa. Kipaza sauti kikasema, "Hapa palikuwa pori tupu." Na nje palikuwa na ndoo tupu.

Naona mnatikisa vichwa. Yule kamishna mngemvua skafu leo hii, sivyo? Subirini.

Kiwanja hiki tulichokalia, nani hajui kilikuwa shamba la mihogo la nani? Sala zetu za kwanza hazikusaliwa barazani kwa yule mama wa nyumba ya bati, nyuma ya ukuta wetu? Ukuta tumejenga sisi. Bomba liko ndani, na sisi tumelitia kufuli, kwa hoja kwamba majirani wanatuchafulia ua. Halafu kila Jumapili tunasimama hapa, tunaimba, tunampigia Mungu hodi. Aitikie vipi, jamani, na sisi tumemwacha nje?

Maana asubuhi hii nimemkuta yule mama langoni petu, na ndoo. Nikamuuliza anangoja nini. Ameambiwa asubiri ibada iishe.

Basi nisiwachoshe. Mzee wa kanisa unayetunza ufunguo wa bomba, nakuomba unipe sasa, kabla ya wimbo.