Sange, Fahali na Foleni ya Jumatano

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mji wa Uingereza, mvua Jumatatu, mvua Jumanne. Kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako, hadithi hii ina baridi ya kutosha.

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na Sange. Mnamjua Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alitoka Muheza akaenda Uingereza kufua mashuka ya hoteli, akisema anakwenda miaka miwili tu. Ikawa miwili, ikawa mitano, ikawa tisa. Kila Jumapili alimpigia simu mama yake, na kila Jumapili mama alisema neno lile lile: "Mwanangu, nakusikia, lakini sikunusi." Simu ikikatika, Sange alikaa kitandani na koti lake mwilini akilia kimya kimya. Alimkumbuka mno mama yake.

Nauli alikuwa nayo. Ila ilikuwa kwa Fahali.

Fahali ndiye aliyekuwa na nusu ya nyumba za mtaa ule. Ukipanga chumba chake unampa fedha ya dhamana, na siku ya kuhama anapaswa kukurudishia. Sange alihama, akajibanza kwa shoga yake mtaa huo huo, akaenda kudai. Fahali akasema zulia lina doa. Sange akalisugua zulia, shwa shwa shwa, akarudi. Fahali akasema ukuta una alama. Sange akaupaka ukuta rangi, pwa pwa pwa, akarudi. Fahali akasema chumba kinanuka dagaa. Hapo, jamani, utasugua nini? Sange akaondoka kichwa chini, na Jumapili akamwambia mama, bado kidogo.

Basi ukafika uchaguzi wa madiwani. Kule kura hupigwa Alhamisi, na siku zikikaribia watu hubandika madirishani picha za wale wanaowataka. Fahali naye akagombea, maana nyumba zilikuwa hazimtoshi, alitaka na mtaa wenyewe. Akapita mlango kwa mlango, ku-du, ku-du, na mpiga picha nyuma yake. Jumamosi akagonga alikokuwa Sange, ngo ngo ngo. Wala hakumkumbuka. Alitabasamu kwa meno yote aliyonayo, akaomba dirisha.

Sange akamwambia kwamba dirisha lipo, tena si hilo peke yake. Mtaani hapo walikuwapo wapangaji kumi na mmoja waliokwisha kuhama nyumba zake, na wote wana kura. Tatizo ni kwamba watauliza kama Bwana Fahali alimrudishia Sange dhamana yake, na Sange akisema uongo pua yake hucheza yenyewe, kila mtu akaiona.

Fahali akafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. Mwisho akatoa pochi, akahesabu noti zote, akazitia mikononi mwa Sange. Akamwambia wapigwe picha, kisha Sange amrudishie noti zake. Kacha! Picha ikapigwa. Fahali akanyoosha kwato.

"Bwana Fahali," akasema Sange taratibu, "ukizichukua leo, nikiulizwa kesho nitajibu nini? Uchaguzi ni Alhamisi. Zitakimbilia wapi?"

"Ijumaa asubuhi nitazifuata," akasema Fahali.

"Karibu sana. Na chini ya picha utaandika nini? Ukiandika umemlipa mmoja, watasema ni mmoja tu."

Fahali, mlafi wa fedha, alikuwa mlafi wa sifa pia. Akaagiza iandikwe kwamba Fahali hurudisha dhamana za wapangaji wote. Karatasi elfu nne zikachapwa, zikatumbukizwa milangoni, nyumba kwa nyumba.

Jumatano asubuhi wale kumi na mmoja, ambao nao hawakuwahi kurudishiwa dhamana zao, wakaenda ofisini kwake, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Hawakupiga kelele, walipanga foleni tu. Na watu wa kule wakiona foleni hawawezi kupita bila kuuliza ni ya nini. Kila aliyeuliza alionyeshwa karatasi, akasimama pembeni kutazama. Fahali akachungulia, akaona wapiga kura wamejaa njiani. Akamlipa wa kwanza, mmuuu. Akamlipa wa pili, mmuuu. Alipofika wa kumi na moja, sauti ilikuwa imemkauka.

Na Alhamisi akashinda. Mnanitazama nini? Alishinda, tena kwa kura nyingi, watu wakisema huyu analipa. Ijumaa asubuhi akaja mbio, ku-du, ku-du, ngo ngo ngo. Shoga yake Sange akafungua mlango, akamwambia Mheshimiwa kwamba mwenyewe yuko angani.

Sange alifika Muheza Jumamosi alasiri. Mama yake alikuwa kibarazani, amekonda, macho hayaoni tena, na kwenye simu hakuwahi kulisema hilo. Akamvuta, akamnusa kichwa, akamnusa shingo, akamnusa viganja, na Sange amepiga magoti analia kwa sauti kama mtoto.

Kisha mama akauliza, "Mwanangu, umekuja kukaa, au umekuja kunisalimia?"

Tiketi ya kurudi ilikuwa mkobani, ya baada ya wiki mbili, kwa sababu mashuka ya hoteli hayajifui yenyewe. Sange aliyemweza Fahali kwa maneno akajifuta machozi.

"Mama," akasema, "maji ya kuoga yapo?"

Mama akamwachia viganja. Akasema yapo.

Hadithi yangu nimeishusha hapo kibarazani. Mkiiona tamu gawaneni, mkiiona chungu nirudishieni. Na funzo lake, maana najua mtanisumbua, ni kwamba mwenye nyumba ni wa kuaminiwa siku zote, na kwamba ukisharudishiwa fedha yako, huna tena unachokidai duniani.