Chui Aliyekata Kucha Ajue Gitaa

Nina ngano, niitoe nisiitoe?

Itoe!

Na ikiwa chungu?

Itoe hivyo hivyo!

Mtaimeza?

Tutaimeza!

Haya. Na wewe unayevicheka vidole vyangu, cheka umalize kabisa, maana nikianza sitaki kicheko. Sugu hizi nimezitafuta mwenyewe. Sogeeni.

Hapo kale palikuwa na jabali kubwa, na kwenye nyufa zake waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, mkia hana, na nyayo zake zina unyevunyevu, ndiyo maana akikanyaga mwamba hatelezi. Kati yao alikuwepo Mzee Pimbi, mpiga gitaa. Gitaa lake lilikuwa la mbao, na akilipiga, ting, ting, tiriri-ting, pimbi wote walitoka nyufani kusikiliza. Mkewe, Bi Pimbi, alisikiliza huku akichambua majani. Mumewe akimwambia, "Njoo nikufundishe, mke wangu," yeye humjibu, "Mimi mzee sasa, niache." Kila siku niache, niache.

Siku moja Mzee Pimbi akatoka na wimbo mpya. Alikuwa ameutunga mwenyewe na hajampigia mtu. Akakaa juu ya jabali, akaanza. Ting, ting, tiriri-ting. Alipofika katikati, Chui akaruka kutoka kichakani. Ngap! Gitaa likaanguka huku, Mzee Pimbi akaenda kule. Wimbo ukakatika hapo hapo.

Mbona mmenyamaza? Nilisema ni chungu.

Miaka ikapita, Chui naye akazeeka. Akiruka anakosa. Akikimbiza anaachwa. Mwili wote ulizeeka ila tumbo. Akakaa akafikiri: "Yule mzee alipopiga gitaa, pimbi walitoka wenyewe. Nikijua kupiga mimi, watatoka wenyewe, nami nitakula nimekaa."

Akaenda kwenye ufa wa Bi Pimbi, akatumbukiza mkono mpaka begani. Ukucha mmoja ukamgusa shingoni Tunu, binti wa pekee wa Bi Pimbi.

"Hodi, Bi Pimbi."

"Nani anapiga hodi na mkono umeshaingia?"

"Mimi, Chui. Nimekuja unifundishe gitaa."

"Gitaa! Kwa umri huo, Bwana Chui?"

"Kwa umri huu huu. Ukikataa, namvuta huyu. Ukinifundisha, mwanao atabaki."

Bi Pimbi akautazama ule ukucha kwenye shingo ya mwanawe. Ulikuwa umepinda kama ndoana. Akajua akimfundisha, jabali zima litaliwa. Akajua asipomfundisha, Tunu ataliwa sasa hivi. Na jambo jingine alilijua peke yake: gitaa lenyewe hata yeye hajui kupiga.

"Njoo kesho asubuhi," akasema.

Chui alipoondoka, Bi Pimbi akalitungua gitaa la marehemu, akalipangusa vumbi, akalipakata. Akajaribu kukumbuka vidole vya mumewe vilikaa wapi. Akabonyeza, akapiga. Ndu! Akabonyeza tena. Ndu! Vidole vikachubuka, vikavimba, na uzi bado unasema ndu. Akalia kwa uchungu, si wa vidole. Alikuwa na mwalimu ndani ya nyumba miaka yote ile, naye akamwambia niache. Mpaka kunapambazuka akapata sauti moja safi. Chui alipofika, akamfundisha hiyo hiyo moja. Ikawa hivyo kila siku: anajifunza alfajiri, anafundisha asubuhi.

Majirani wakamcheka. "Bibi kizee na gitaa! Tena mwanafunzi wake chui! Huyu akili zimemruka." Wengine wakaacha kumsalimia. Kumbe hao hao ndio aliokuwa akiwapigania.

Siku ya kwanza Bi Pimbi akasema, "Bonyeza uzi hapa." Chui akabonyeza. Chui hukunja kucha, lakini akikaza kidole zinachomoka. Kwaruu!

"Mwalimu, mbona kwako linalia na kwangu linakwaruza?"

"Kucha, Bwana Chui. Tazama zangu, fupi. Mwenye kucha ndefu habonyezi uzi." Na huo haukuwa uongo, muulizeni mpiga gitaa yeyote.

"Nizikate?"

"Za mkono wa kushoto tu. Kucha ni kucha, zitaota."

Chui akazitafuna, kwachu, kwachu, kwachu. Za kushoto zikaisha.

Siku nyingine Bi Pimbi akasema, "Sasa kwanyua kwa mkono wa kulia." Chui akakwanyua. Pwa! Uzi ukakatika.

"Mwalimu, mbona kwako unalia na kwangu unakatika?"

"Kucha, Bwana Chui. Nyuzi zikiisha gitaa hakuna, na gitaa lisipolia hakuna atakayetoka kusikiliza."

Chui akasikia hilo neno "kutoka", mate yakamjaa mdomoni. Akazitafuna, kwachu, kwachu, kwachu. Za kulia zikaisha.

Siku nyingine tena Bi Pimbi akasema, "Piga mguu chini, ushike mdundo." Chui akapiga mguu kwenye mwamba. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Mwalimu, mbona kwako mguu unadunda na kwangu unakwaruza?"

Hakungoja hata jibu. Akajikunja, akazitafuna, kwachu, kwachu, kwachu. Za miguu zikaisha. Na kila zilipochipua, alizitafuna tena.

Asubuhi moja Chui akapatia. Ting, ting, tiriri-ting, safi kabisa. Akalitazama gitaa, akamtazama mwalimu wake, macho yamemtoka. "Nimepiga! Mwalimu, umenisikia? Nimepiga!"

Bi Pimbi akafurahi. Ndiyo, alifurahi, kwa sababu alijua taabu ya kuipata sauti ile. Kisha akakumbuka vidole vile vilimfanya nini mumewe. Akaingia ufani akajiuma mkono asipige kelele. Siku zote alimchukia Chui, na siku hiyo akajichukia na yeye mwenyewe.

Chui akaupiga wimbo mpaka katikati, akasimama. "Mbona unaishia hewani?"

"Mimi naujua mpaka hapo," akasema Bi Pimbi. "Umeiva sasa. Kesho utapiga juu ya jabali, pale penye mteremko laini. Mimi nitawaita watu wako."

Akawazungukia pimbi wote. "Kesho tokeni. Mkae kwenye mteremko, na akiruka msikimbie kwenda juu, kimbieni kwa upande." Wakamtukana. Basi kesho yake akamchukua Tunu, akamweka mbele kabisa, karibu na Chui kuliko mtu yeyote. Walipoona hivyo, wakatoka mmoja mmoja, wananong'ona, "Mama gani huyu?"

"Mama, naogopa," akasema Tunu.

"Ogopa, mwanangu, lakini kaa."

Chui akapakata gitaa, akaanza. Ting, ting, tiriri-ting. Pimbi wakasikia wimbo wa mzee wao, na wengine machozi yakawatoka. Chui akapiga, akapiga, akafika katikati. Pale pale alipomrukia Mzee Pimbi, pale pale akatupa gitaa, akamrukia Tunu. Ngap!

Mkono ukatua mgongoni kwa Tunu. Haukuwa na cha kushikia. Tunu akachomoka kwa upande. Chui akajaribu kusimama, miguu haina cha kung'ang'ania. Srrrrr! Akashika mwamba, srrrrr! Akashika nyasi, nyasi zikang'oka. Akaenda mpaka chini korongoni. Pu! Mguu ukavunjika.

Pimbi wakashangilia. Wakacheza. Wakasema, "Sisi tulijua tangu mwanzo!" Nani alijua? Wangejua wapi!

Kule chini Chui akakaa bila chakula. Bi Pimbi akangoja amsikie akiomba nyama, au akiomba msamaha. Hakuomba nyama, hakuomba msamaha. Akaita, "Mwalimu! Mwisho wa ule wimbo unakwendaje?"

Bi Pimbi akachungulia ukingoni. "Huujui?"

"Siujui. Nautafuta kichwani siupati. Niambie mwisho wake, kisha niache nife."

"Alikuwa akiujua mtu mmoja, Bwana Chui, na ulimla kabla hajafika."

Chui akalia. Alilia kwa njaa au kwa wimbo, mimi sikuwepo. Akalia mpaka siku ile alipokoma.

Pimbi wakamfuata Bi Pimbi, sasa wanamwita Mwalimu kwa adabu. "Tupigie wimbo wa mzee." Akakaa juu ya jabali akawapigia. Ting, ting, tiriri-ting. Alipofika katikati, vidole vikasimama.

"Malizia!" wakasema.

"Hauna mwisho."

"Si utunge tu wa kwako?"

Akajaribu. Kesho yake akajaribu tena. Kila mwisho aliotunga pimbi waliupigia makofi, na kila mmoja alijua si wenyewe. Kumshinda Chui aliweza. Hilo hakuliweza.

Ngano yangu nimeitua. Iliyo tamu chukueni mgawane, iliyo chungu niachieni mwenyewe.

Mnataka funzo? Funzo ndilo hili: mtu akishazeeka asijifunze gitaa. Kucha zitakwisha, vidole vitaota sugu, majirani watamcheka, na wimbo hataumaliza. Atulie nyumbani achambue majani. Mmesikia? Vizuri.

Sasa inukeni mnipishe. Tena mmoja wenu aniletee gitaa la babu yenu. Jana niliachia katikati.