Theluji ya Bwana Mbogo

Kaeni.
— Tumekaa.
Moto?
— Unawaka.
Masikio?
— Yako wazi, mimina.
Basi palikuwa na mlima.
— Na uwepo.

Palikuwa na mlima mrefu, juu mweupe, chini kijani, na katikati msitu. Msituni humo alikaa Perere. Perere ni mnyama mdogo, mnene kama sungura aliyeshiba, hana mkia. Mchana hulala ndani ya shimo la mti, jioni hutoka kula majani. Perere huyu alikaa ndani ya mtarakwa uliokuwa mkubwa kuliko mitarakwa yote, ule mti wenye harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa sasa hivi.

Shimo lake lilikuwa limetandikwa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya mlimani. Aliyelitandika ni mkewe, Mkunde. Mkunde alikufa wakati wa masika. Tangu hapo Perere alilala upande wake wa shimo, na upande wa pili hakuulalia. Zamani, jua likizama, alikuwa akipanda tawi la juu na kuita, krrr, krrr, krrraaa, kama mlango mkuukuu unaofunguliwa kwa nguvu, na Mkunde akimjibu kutoka ng'ambo ya korongo. Sasa alitoka kimya, akala kimya, akarudi kimya.

Katika msitu huohuo alikaa Bwana Mbogo. Huyu hahitaji maelezo mengi. Shingo yake ilikuwa gogo, pembe zake upinde, na njaa yake haikuwa na saa. Mtoni alikunywa wa kwanza, kivulini alilala wa kwanza, na kila mwenye chake alizoea kumwachia nusu, kisha akashukuru kwa nusu iliyobaki.

Desemba moja Mbogo alishuka mpaka kwenye hoteli ya wageni iliyokuwa chini ya msitu, akala maua ya bustani, kisha akaegemeza pua yake dirishani. Ndani akaona mti. Mti, ndani ya nyumba, umevikwa mipira inayong'aa na kamba za dhahabu, una nyota kichwani, na chini yake kuna marundo ya vitu vilivyofungwa vizuri. Watu wazima walikuwa wameuzunguka na glasi mikononi, wanauimbia. Mbogo hakujiuliza mti umefanya nini hata uimbiwe. Alitazama marundo.

Aliporudi aliitisha mkutano. Akawaambia wanyama kwamba tangu mwaka ule msitu utakuwa na Krismasi, kwamba Krismasi ni mti mkubwa kwa ajili ya mnyama mkubwa, na kwamba chini ya mti kila mmoja ataweka zawadi. Paa akauliza zawadi hizo ni za nani. Mbogo akamtazama mpaka Paa akaona ameshajibiwa.

Ngedere akateuliwa msimamizi wa mapambo. Ngedere hajawahi kukosa cheo, kwa sababu hajawahi kukosa sifa za kumpa mwenye kugawa vyeo. Akawatuma wanyama kwenye kambi za wapanda mlima. Wakarudi na makopo ya samaki, vifuniko vya soda, karatasi za chokoleti, mswaki, karatasi ya chooni na soksi moja ya mguu wa kushoto. Jana yake walikuwa wakizipita takataka hizo wameziba pua. Leo waliziita mapambo, wakagombana nani ataning'iniza soksi.

Ulibaki mti. Mbogo akautaka ulio mkubwa kuliko yote, kwa hesabu yake kwamba mti ukiwa mkubwa na rundo litakuwa kubwa.

Du! Mtarakwa ukatikisika. Du! Perere akaamka. Du! Akatoa kichwa shimoni, akamwona Mbogo anarudi nyuma ili aje tena na pembe zake, na wanyama wote wamesimama pembeni na makopo yao.

"Toka humo," Mbogo akasema. "Huu ni mti wangu wa Krismasi."

Perere akauliza ukishaangushwa utarudishwa lini. Ngedere akacheka sana. Akamweleza kwamba mti wa Krismasi haurudi. Mwaka uliopita alikaa nyuma ya jiko la hoteli akaona kwa macho yake: sikukuu ilipokwisha watu waliuvua mapambo, wakauburuta mpaka jalalani.

"Wiki hii unaimbiwa, wiki ijayo ni kuni," Ngedere akasema, kama mtu anayetaja heshima.

Perere akageuka, akatazama ndani ya shimo, upande ule wa pili. Kisha akashuka taratibu mpaka chini.

"Mkuu, umenipa heshima. Ila nina swali dogo, saizi yangu."

"Huna hata mkia, swali unalitoa wapi?"

"Mwenye mkia ni wewe, Mkuu, ndiyo maana nakuuliza wewe. Mti ule ulivikwa nini?"

Mbogo akataja mipira, akataja kamba, akataja nyota. "Na kitu cheupe," akasema. "Matawi yote yalikuwa na cheupe juu yake."

Perere hajawahi kuuona mti wa Krismasi maisha yake yote. Aliinua macho, akatazama kilele cha mlima kilivyong'aa juu ya msitu.

"Cheupe gani, Mkuu?"

Ngedere akadakia. "Pamba. Boksi lake nililiona jalalani. Pamba ya dukani, ile ya kusafishia vidonda."

Hiyo ndiyo siku ya kwanza Ngedere kusema kweli mbele ya Mbogo. Perere akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake haya.

"Pamba ya vidonda, kwenye mti wa mkubwa. Ngedere ndugu yangu, Mkuu ana kidonda wapi?"

Wanyama wakacheka. Sikio la Mbogo likacheza.

"Ilikuwa theluji," Mbogo akasema. "Niliijua tangu mwanzo."

"Ndiyo yenyewe," Perere akasema. "Ile pale juu. Mti huvikwa theluji ungali umesimama, Mkuu. Ukiuangusha kwanza unakauka, na mti mkavu haushiki theluji. Nisingependa uchekwe."

Hapana kitu Mbogo alichokiogopa kama kuchekwa. Akauliza nani ataleta theluji. Wanyama wakatazama kwato zao. Perere akasema angeileta yeye, lakini mgongo wake unabeba konzi moja tu, na mti wa konzi moja ni mti wa panya. Hapo wote wakautazama mgongo wa Mbogo. Mbogo naye akageuza shingo akautazama, akauona ni mpana, akafurahi.

Akapanda, akapanda, akapanda. Miti ikabaki chini, vichaka vikabaki chini, nyasi zikabaki chini. Akafika kwenye theluji, akagaagaa, fu, fu, fu, mgongo ukawa mweupe. Akateremka, akateremka, akateremka. Kwenye nyasi, to. Kwenye vichaka, to, to. Kwenye miti, to-to-to-to-to. Alipofika mtarakwani alikuwa ameloa kama aliyeanguka mtoni.

"Theluji hii hapa."

Perere akamzunguka, akamnusa, akamgusa. "Haya ni maji, Mkuu. Mti hauvikwi maji."

Mbogo akapanda tena, akapanda, akapanda. Akagaagaa, fu, fu, fu. Safari hii akateremka mbio, mawe yakiporomoka mbele yake. Kwenye nyasi, to. Kwenye vichaka, to, to. Kwenye miti, to-to-to-to-to. Ngedere akasema yeye anaona weupe kidogo pembeni mwa mdomo. Perere akasema hilo ni povu.

"Haya ni maji, Mkuu. Mti hauvikwi maji."

Wakati huo zawadi zilikuwa zinaletwa. Paa alileta majani mateke aliyoyafunga kwa utepe wa mgomba. Nyani alileta ndizi, Nyegere akaleta asali, na wote walirudi nyumbani na njaa, wakiambiana kwamba Krismasi ni jambo zuri.

Mbogo akapanda mara ya tatu. Akarudi akitetemeka, midomo imepauka, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kwato.

"Kwa nini inanikimbia?"

Perere akaketi karibu naye na kumweleza kwa upole. Theluji ya nchi za mbali, akasema, imezoea wakubwa. Hii ya hapa kwetu haijawahi kutembelewa na mkubwa yeyote, na Mkuu ameibeba kwa haraka, kama mwizi anavyobeba kuku. Lazima iogope. Akae nayo. Asiiguse. Aisubiri mpaka ikubali yenyewe, na ikikubali itamfuata kwa miguu yake.

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea ukubwa wa anayeisubiri. Mimi nilivyo, ingenichukua mwaka."

"Mimi haitanichukua hata nusu," Mbogo akasema.

Akataka kujua atasikiaje huko juu kama sikukuu imeanza. Perere akatazama ng'ambo ya korongo. Kisha akasema, "Nitaita."

Mbogo akapanda, akapanda, akapanda, akalala mbele ya theluji. Akaiambia, "Njoo." Theluji ikanyamaza. Akaiambia kwa sauti nene zaidi. Ikanyamaza vilevile. Akaona kweli haijazoea wakubwa, akajiweka vizuri ili aisubiri.

Asubuhi ya Krismasi wanyama walikusanyika kwenye mtarakwa, matumbo yanawanguruma. Ngedere akakataza mtu kugusa rundo mpaka Mkuu ashuke. Perere akauliza kama hotelini zawadi hazifunguliwi asubuhi ya sikukuu, na Ngedere, ambaye na yeye alikuwa hajala, akakumbuka kwamba hufunguliwa. Wakafungua. Kila mmoja alifungua ile aliyoileta mwenyewe. Paa akafungua majani yake akasema, "Jamani, mmejuaje?" Nyani akazitazama ndizi zake akasema hakustahili. Wakala, wakashukuru, na hakuna aliyeuliza wanamshukuru nani.

Makopo na soksi yakabaki. Ngedere alitaka kuyaning'iniza kwenye mtarakwa. Perere akasema hapana, akalisema mara moja tu, na Ngedere akayachukua akaenda kuyaning'iniza kwenye kichaka cha miiba kando ya njia. Juu yake akatandaza pamba aliyoiokota nyuma ya jiko la hoteli. Wanyama wakakizunguka kichaka, wakakiimbia. Mtoto wa Paa akauliza cheupe kile ni nini, wakamwambia ni theluji. Nyuma yao mlima ulikuwa umesimama na theluji yake yote, na hakuna aliyegeuza shingo.

Jua lilipozama Perere akapanda tawi la juu. Alikuwa ameahidi kuita, akaita. Krrr, krrr, krrraaa. Ng'ambo ya korongo kulikuwa kimya. Akasubiri kadiri alivyokuwa akisubiri zamani, kisha akaita tena, na mara hii ya pili hakuwa anatimiza ahadi aliyompa Mbogo.

Huko juu Mbogo akainua sikio lililoganda. "Umesikia?" akaiambia theluji. "Tunasubiriwa."

Perere naye akateremka mpaka shimoni, akaingia, akalala upande wake.

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Tuwatii wakubwa, maana wao hujua wanachokitafuta. Tusidanganye kama Perere. Tuseme kweli daima kama Ngedere, tuone itatufikisha wapi. Krismasi ikikaribia, tukate mti ulio mzuri kuliko yote, hasa kama ndani yake kuna anayekaa. Na asiye na theluji anunue pamba.

Moto?
— Umezimika.
Masikio?
— Yamejaa.
Basi yafungeni. Nimeitua ngano hapa nilipoichukulia. Aliyeshiba aondoke, mwenye njaa aanze mwanzo.