Jua Lisilo na Mgongo

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mliokunywa uji wa jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na wewe mwenye miguu ya panzi, kaa kitako. Hadithi hii haisikilizwi kwa kurukaruka.

Hapo zamani za kale, kale ya kweli, palikuwa na kijiji ambacho kila nyumba ilikuwa na jua lake. Si jua la mbinguni. Jua la mbao. Msichana akiolewa huchongewa jua la mninga, duara kama sinia, miale pembeni, na katikati uso: macho, pua, mdomo unaocheka. Likapakwa manjano na ngeu nyekundu, likatundikwa ukutani kwenye kigingi, likitazama mlango. Na mlango wa mchana haufungwi.

Uso ulikuwa mmoja tu. Nyuma palikuwa mgongo: mbao tupu, haina rangi, haina jicho.

Kwa nini? Sikilizeni. Mwanamke akionewa ndani ya nyumba, na kinywa kikamshinda kusema, hapigi kelele njiani. Hulishika jua lake akaligeuza. Kri! Likatazama ukuta. Mpita njia akichungulia akauona mgongo, hupaza sauti: "Jua limekuchwa kwa fulani!" Basi wazee huja. Na jua haligeuzwi na mwingine ila mwenye nalo. Mume kulirudisha ni mwiko, jirani kuligusa ni mwiko.

Aliyeyachonga majua hayo alikuwa Mzee Ngwali, na aliyesikiliza kesi ni yeye huyo huyo. Ko-ko-ko, patasi yake. Shwa-shwa, majani ya msasa yakilainisha mbao. Jua likikuchwa mahali, huiweka patasi chini, akaenda, akaketi mkekani kwa watu.

"Mwanangu, jua limekuchwa mchana kweupe. Umefanya nini?"

"Mimi, mzee? Mimi sijafanya kitu!"

"Ndilo kosa lako. Paa linavuja, kuni hazijapasuliwa, mke ana mimba, na wewe kitu hujafanya."

Watu wakaangua kicheko, mume naye akacheka kwa haya, akaenda kutafuta shoka. Mke akaligeuza jua lake. Kri! Kumekucha. Ndivyo alivyokuwa Mzee Ngwali, mtu wa maneno machache yanayotosha.

Alikuwa na binti mmoja, Mwanakheri. Mama yake alikufa akimnyonyesha, akalelewa na shangazi yake, Bi Riziki, dada wa Mzee Ngwali. Binti akakua, akaposwa na Dadi, mwana wa jumbe wa kijiji.

Jumbe akaja mwenyewe kibandani kwa fundi, kanzu kaishika isiguse maranda.

"Mkwe, nyumba yangu mimi haikuchwi jua. Watu wapite waone mgongo wa mbao kwa jumbe? Si fedheha hiyo? Nichongee jua lenye uso huku na uso huku. Jua lisilokuchwa. Au fundi huwezi?"

Lo! Neno hilo. Au fundi huwezi? Mtu mzima, mvi tele kichwani, likampanda. Nyuso mbili kwenye ubao mmoja! Babu yake hakuchonga, baba yake hakuchonga. Vidole vikaanza kumwasha.

Bi Riziki akasikia, akaja mbio, unga ungali mikononi.

"Kaka, usifanye. Mtoto atasemea wapi?"

"Atasema kwa kinywa. Kwani bubu?"

"Kwani wote waliogeuza majua yao walikuwa mabubu?"

Mzee Ngwali akairudia patasi yake. Ko-ko-ko.

Mwanakheri naye akaja, akachutama kando ya baba yake, akalitazama lile jua linavyoota uso wa pili.

"Baba, na nikitaka kuligeuza?"

"Kwa jumbe, mama? Utakosa nini wewe!"

Baba akacheka. Binti hakucheka.

Siku ya harusi watu walisukumana mlangoni walione. "Fundi! Huyu ndiye fundi!" Na wenye uwezo wote wakataka la namna hiyo, nyuso mbili, wasije wakaonekana wadogo. Akawachongea. Ko-ko-ko, shwa-shwa, na sifa zikimmiminikia kama asali.

Kila asubuhi, akienda shamba, Mzee Ngwali hupitia mlangoni kwa Dadi. Huchungulia. Jua linacheka. "Alhamdulillahi, kwa mwanangu kumekucha." Akapita.

Keshoye akachungulia. Jua linacheka. Akapita.

Masika yakaingia. Akachungulia, maji yanamtiririka kofiani. Jua linacheka. Akapita.

Bi Riziki alikuwa akienda kubisha hodi. Dadi hutoka yeye. "Amelala." Siku nyingine, "Yuko kisimani." Siku nyingine hasemi, hukaa tu mlangoni kama mfupa uliokwama kooni.

"Kaka, mtoto simwoni."

"Jua linacheka, dada."

"Linacheka huku na huku! Si wewe uliyelichonga?"

"Sasa niingie nyumba ya jumbe niseme nini? Jua halijakuchwa."

Mnamsikia? Mwenye hekima huyo! Amejifunga kamba aliyoisokota mwenyewe.

Basi siku moja ikaja habari: Mwanakheri amekufa. "Homa," alisema Dadi. Bi Riziki akaingia kumwosha maiti. Akatoka mikono imelowa, akasimama mbele ya kaka yake.

"Si homa."

Akamwonyesha chumbani kwa kidole.

Mzee Ngwali akaingia chumbani. Jua linacheka. Akalishusha kwenye kigingi. Lile tundu la kigingi alilolitoboa kwa mkono wake, jembamba, la kubana, limelika. Limepanuka mpaka kidole gumba kinaingia na kuzunguka. Na chini ya ukuta unga wa mbao, kama wa dumuzi.

"Amegeuza," akasema. "Amegeuza. Amegeuza. Amegeuza. Nami nikipita, nasalimiwa na mbao."

Akapeleka shauri barazani. Jumbe akakohoa kidogo, akatengeneza kilemba.

"Desturi ni desturi, mkwe. Pasipokuchwa jua hapana kesi. Nani aliliona jua limekuchwa? Sisi hatukujua."

Wazee wakatazama vidole vya miguu yao.

"Mlitaka jua la kutojua," akasema Mzee Ngwali. "Na mimi, kwa tamaa ya kuitwa fundi, nikawachongea."

Akanyanyuka. Hakuna aliyemfuata. Mwaka haukuisha, Dadi akaoa mwingine, na jua likawa lile lile.

Mzee akachukua tezo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kuomba aukwangue uso wa nyuma. Wanaume wakamfungia milango. Hilo si ajabu. Lakini wanawake nao! "Tuharibie pambo letu? Mzee amerukwa na akili, maskini, msiba umemzidi."

Akafika kwa Dadi. Mke mpya akaja mlangoni, kitoto cha watu, mtandio kaushusha mpaka kwenye nyusi.

"Mjukuu wangu, niruhusu niukwangue upande mmoja."

"Usilikwangue, babu. Ni zuri."

"Mumeo yumo?"

"Hayumo."

"Ni mwema?"

Binti akatazama njia, huku na huku.

"Ni zuri, babu. Liache tu."

Mzee Ngwali akalitupa tezo majanini. Akaketi pale pale mlangoni, mgongo ukutani. Dadi akarudi. "Wafanya nini hapa?" "Napumzika." Keshoye akaja tena. Akatukanwa, akaja. Akamwagiwa maji machafu, akaja. Akikohoa ndani mtu, yeye huita, "Mjukuu wangu, hujambo?" na haondoki mpaka ajibiwe na sauti ya binti mwenyewe. Masika akaketi, kiangazi akaketi, mpaka mauti yakamkuta kwenye ukuta ule.

Mke yule wa pili aliishi, akazaa, akazeeka. Wa kwanza hakufufuka.

Mzee Ngwali alipozikwa ndipo watu wakasema, ah, alikuwa mzee wa hekima yule. Hata jumbe alisema. Na majua ya nyuso mbili wameyatundika mpaka kesho, wageni wakija wanasifu, pambo hilo!

Basi wanangu, habari za nyumba hazisomwi ukutani. Kinachocheka pande zote, kitilie shaka. Bisha hodi, na ukiambiwa amelala, ngoja aamke.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa watu.