Kiboko Aliyekataa Kisamvu

Paukwa.
Pakawa.
Chungu kiko wapi?
Jikoni, kinatokota.
Na nani hataki kula?
Si mimi, ni huyu hapa.
Haya, huyo huyo asogee karibu, ngano hii inamhusu.

Hapo kale alikuwako Bi Kindi na mwanawe, jina lake Mashavu. Jina tu, mashavu yenyewe hana. Akipewa mchicha, "Sitaki." Akipewa viazi, "Sitaki." Akipewa uji wa sukari, anauchungulia weee, kisha, "Unanitazama. Sitaki." Alikonda mpaka upepo ukivuma mama humfunga kamba kwenye kinu, asije akapeperuka.

Jirani yao alikuwa Mzee Kiboko, tumbo kubwa, adabu haba. Huyu alijitungia sheria: chakula kilichokataliwa ni cha aliye karibu. Nani abishane na kiboko? Basi Mashavu akisema tu "Sitaki," pua ya Kiboko hiyo mlangoni, gubu, gubu, gubu, chungu cheupe pee. Mtoto analala njaa, mama analala njaa.

"Mwanangu atapeperuka kweli," Bi Kindi akalia. Alipomaliza kulia akapenga kamasi, akapika kisamvu cha nazi, akakitua pale kwenye kinu.

Kiboko huyo, gudu, gudu, gudu. "Mtoto kakataa?"

"Leo hapewi, Mzee. Hiki si cha watoto, ni cha mgeni wa heshima. Ila naona haya kukwambia, huko mtoni wanakusema."

"Wanasemaje?"

"Eti ukikaribishwa tu, umeshavamia. Mgeni mstaarabu kwanza hukataa. Husema sitaki, nimeshiba. Abembelezwe wee, ndipo ale."

Masikio ya Kiboko yakalegea kwa aibu. "Kumbe. Haya, nikaribishe."

"Karibu kisamvu, Mzee."

Kiboko akafumba macho kwa madaha. "Sitaki. Nimeshiba."

Kumbe Mashavu pale kinuni anameza mate. Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa chakula si chake, na ilimuuma. "Mama, kakataa. Aliye karibu ni mimi." Kwapu, kwapu, kwapu, chungu cheupe pee.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mbona hukunibembeleza?"

"Kesho, Mzee. Ukizidi kukataa, heshima nayo inazidi."

Kesho yake ugali. "Sitaki." Mashavu, kwapu. Keshokutwa magimbi. "Sitaki katu." Mashavu, kwapu. Kiboko akakonda, ngozi ikamning'inia kama koti la kuazima, lakini mtoni wote wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa sauti nyembamba.

Mashavu akapata mashavu. Akala chake, akala cha mgeni, akala na cha mama. Siku hizi upepo ukivuma, anayefungwa kwenye kinu ni Bi Kindi. Anapepea huko juu, anacheka kwa furaha, mwanawe kashika kamba.

Ngano yangu imeiva, nimeiepua. Ikiwa tamu tumekula wote, ikiwa chungu niachieni ukoko.

Na funzo lake, watoto wazuri, muwe na adabu kama Mzee Kiboko. Mkikaribishwa, semeni sitaki. Hasa siku ya pilau, nami nikiwa nimekaa karibu.