Raketi Aliyoiacha Fundi Athumani

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, siku ya Jumamosi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa Rajabu, saa nne na robo asubuhi, mauti yaliingia katika chumba cha mtihani wala hayakubisha hodi.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya klabu ya tenisi, katika mji mmoja wa wakulima wa mkonge. Humo alifanya kazi Athumani Shekalaghe, fundi wa kufunga nyuzi za raketi. Mchezaji akikatikiwa na uzi, raketi ililetwa kwake. Aliibana kwenye mashine, akang'oa nyuzi kuukuu, akavuta mpya moja moja kwa mkazo alioagizwa. Kwanza zilivutwa nyuzi za kusimama. Kisha zikasukwa za kulala, juu, chini, juu, chini, kama ukili. Athumani aliwatania wateja kwamba raketi ni mkeka kama mikeka mingine, ila huu hakuna awezaye kuulalia.

Chumba kile kilikuwa na mwiko wake. Raketi yenye nyuzi za kusimama peke yake haiachwi. Nyuzi hizo huivuta fremu upande mmoja, na za kulala ndizo huipa mizani. Ikiachwa hivyo hujipinda, na fremu iliyopinda haina dawa. Kwa sababu hiyo Athumani hakuanza raketi adhana ikiwa karibu. Alikaa tu, mikono magotini, akingoja. Alisema hataki ije siku achague kati ya amana ya mtu na wito wa Mungu.

Watu wawili walijifunza kazi kwake. Mmoja ni Mbaruku, aliyemjia akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Wa pili ni Mwantumu, binti yake wa pekee. Mbaruku alikuwa na mikono myepesi. Mwantumu alikuwa wa polepole, lakini uzi wake haukukosea njia.

Basi kamati ya klabu ikatoa neno. Kuanzia msimu ule, chumba cha nyuzi kingekaliwa na fundi mwenye cheti, na kama hayupo, ataletwa mgeni kutoka mji mkubwa. Chama cha tenisi kikamtuma mtahini, Bi Namsifu, mwanamke wa Upareni, mpole, mwenye maneno machache. Alikuja na nafasi mbili za mtihani. Athumani alichukua moja, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa fundi wa mdomo wa watu tu, na alitamani kabla hajafa awe fundi wa maandishi. Ya pili akampa Mbaruku kwa ajili ya watoto wake. Akamwambia Mwantumu kuwa zamu yake itafika. Mwantumu akasema, "Sawa, baba," akaenda kuchemsha chai ya wageni.

Sharti la mtihani lilikuwa jepesi kulisema. Raketi moja, mtu mmoja, ndani ya muda uliowekwa, bila kosa la kusuka.

Wakaanza. Mbaruku alitangulia. Alikuwa amebakiza nyuzi tano za kulala wakati Athumani alipokuwa ndiyo kwanza anafunga ya mwisho ya kusimama.

"Mwalimu," Mbaruku akamtania, "nikakungoje nje, ninywe na chai yako?"

"Kainywe," Athumani akamjibu, "fundo lako likifyatuka nitakuita."

Watu waliokuja kutazama wakacheka. Naye alicheka, kisha akaweka mkono kifuani, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka. Hakuinuka tena.

Mbaruku aliuachia uzi wake ukarudi nyuma wenyewe. Alimwinua mwalimu wake kama mtu ainuavyo mtoto. Bi Namsifu alikimbia kumwita dereva wa klabu. Mwantumu alikuja na birika mkononi, akaliweka chini, akamshika baba yake mguu, na baba yake akamtazama.

"Mwantumu," alisema. "Hiyo fremu. Usiiache ipinde."

Wakamtoa. Mwantumu alifuata hadi mlangoni. Pale mlangoni alisimama, na kila aliyemwona hakujua anangoja nini. Alikuwa akijiambia kwamba baba akizinduka, jambo la kwanza atakalouliza ni raketi ya watu. Alikuwa akijiambia kwamba atamaliza haraka, kisha atawafuata. Akarudi kwenye mashine. Juu, chini, juu, chini. Macho yake hayakuona vizuri, ila vidole viliona. Gari liliondoka Mwantumu akiwa katikati ya kusuka. Alipokata uzi baada ya fundo la mwisho, Mbaruku alikuwa amekwisha kurudi, amesimama mlangoni, na mkononi alikuwa ameshika makobazi ya Athumani.

Athumani alifia njiani kwenda hospitali, kabla gari halijavuka reli, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mbaruku. Mbaruku alimtamkia shahada, naye akaifuatisha mpaka mwisho. Hakuna mwingine aliyeisikia.

Wakamzika baada ya alasiri.

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha na sahani zikiwa bado hazijaondolewa, Bi Namsifu alikuja kutoa mkono wa pole. Kisha akasema amekuja na jambo zito, naye anawaomba radhi kulileta msibani. Alikuwa ameipima raketi ya Athumani. Mkazo ulikuwa sawa, ilimalizika ndani ya muda, na kosa la kusuka hakuliona. Ya Mbaruku ilibaki na nyuzi tano, na muda ulikwisha. Raketi iliyofaulu ni moja, kwa hiyo cheti ni kimoja. Kanuni zinataka jina la mtu mmoja aliyeifunga, na hii imefungwa na wawili; lakini kanuni hazikuandikwa na mtu aliyekuwapo siku ile. Kabla hajaandika jina, alitaka kuwasikia wenyewe.

Mama Mwantumu alisema kutoka nyuma ya pazia, maana alikuwa ameshaingia eda. Alisema kijana huyu na binti huyu wote wana siku mbele yao, lakini mume wake hana nyingine. Aliyefunga nyuzi za kusimama ni yeye. Aliyefundisha mikono iliyosuka za kulala ni yeye. Aliposhindwa kumaliza, hakushindwa kwa uvivu wala kwa kutojua. "Andika Athumani," alisema. "Alikitaka miaka yote ile nikiwa naye. Chumba kikienda kwa mgeni, na kiende. Riziki haifungwi mlango mmoja."

Wanawake ndani wakalia.

Kisha Mbaruku akasema, akitazama mkeka. Alisema marehemu hawezi kufungua mlango wa klabu asubuhi. Yeye alikuwa amebakiza nyuzi tano, na hata mtoto angejua kwamba angefaulu. Hakuziacha kwa kukosea. Aliziacha ili mtu asife sakafuni peke yake. Kama mtihani humwangusha mtu kwa kutenda wema, basi na aambiwe, awafundishe hivyo wanawe. Hapo akainua uso, akamtazama Mwantumu.

"Dada yangu, nisamehe," alisema. "Baba yako alikuwa chini, na wewe ulishika uzi."

Mwantumu hakumjibu upesi. Aliyemjua alijua kwamba hana upesi.

"Nilishika," alisema. "Uliyabeba maneno yake ya mwisho kwa Mungu, kaka, na nitakuonea kijicho mpaka nife. Lakini maneno yake ya mwisho kwangu mimi yalikuwa amri. Ningemfuata, raketi ingepinda, na leo kusingekuwa na cheti cha kugombewa. Sikupewa nafasi ya mtihani. Nilipewa birika. Mtihani ulinikuta hapo hapo, nami nikaufanya. Mikono iliyoizuia fremu ile isipinde ni hii. Aseme mtu kwamba si hii."



Bi Namsifu alikuwa ametoa kalamu. Aliishika, akamtazama huyu, akamtazama yule, akatazama pazia, na karatasi ikabaki mapajani mwake bila jina.

Nanyi mliokaa hapa mmewasikia wote, na hakuna aliyesema uongo kati yao. Kuna aliyeianza na kufa nayo. Kuna aliyeiacha yake ili ambebe mwenzake. Kuna aliyemwacha baba yake kwa kumtii. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?

Fikirini, msijibu kwa haraka. Na kabla ya kujibu, inueni mikono. Ewe Mola, mrehemu mja wako Athumani. Mghufirie aliyoyajua na asiyoyajua, mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na kazi aliyoiacha nusu mhesabie kuwa ameitimiza. Amin.